Kupanga begi la mtoto kwa safari ndefu ya ndege, ukianzia Dodoma

Hesabu masaa kuanzia unapofunga mlango wa nyumba, si kuanzia ndege inaporuka. Treni ya SGR hadi Dar ni kama masaa manne. Halafu kuna foleni ya kwenda Uwanja wa Julius Nyerere, kuwahi masaa matatu kabla, ndege ya kwanza hadi Doha kama masaa sita, kusubiri, na ndege ya pili hadi London masaa saba. Inazidi siku nzima kwa urahisi, na begi kubwa huligusi tena mpaka ufike. Mahitaji yote ya mtoto yakae mkononi.

Nepi: moja kwa kila masaa mawili na nusu, kisha ongeza nne. Safari ya masaa 25 ni nepi 14. Zile nne ni za ndege ikichelewa au tumbo likiharibika. Zifunge mbilimbili, kila kifurushi kiwe na tishu zenye unyevu na mfuko wa kutia uchafu. Choo cha ndege ni chembamba na ubao wa kubadilishia ni mdogo, kwa hiyo unaingia na kifurushi kimoja tu, begi unaliacha kwenye kiti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Nguo zilizochafuka zitie kwenye mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji.

Maziwa ndiyo yanayosumbua zaidi. Mtoto anayenyonya ana nafuu kubwa, mama anywe tu maji mara kwa mara kwa sababu hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana. Kwa maziwa ya kopo, pima unga wa kila mlo nyumbani, kila kipimo kwenye kikopo chake, na ongeza milo mitatu. Usiyakoroge mapema: yakishakorogwa na kukaa bila friji, masaa mawili yakipita yamwage. Unga unatakiwa kukorogwa kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha yapoozwe. Waombe wahudumu maji ya moto kama nusu saa kabla mtoto hajalia, maana kupoa kunachukua muda. Kwenye ukaguzi, maziwa na chakula cha mtoto kwa kawaida huruhusiwa hata yakizidi mililita 100, ila yatoe begini mwenyewe uyaonyeshe.

Chupa ibebe ikiwa tupu. Hewa ndani ya ndege angani ni nyepesi kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, wakati Dodoma iko kama mita 1,100. Hewa iliyofungiwa kwenye chupa hutanuka, na ukifungua maziwa yanaruka kifuani. Mafuta ya mtoto na uji wa pakiti hufanya vilevile, basi vifungue taratibu juu ya kitambaa.

Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka, na kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Weka mlo mmoja kwa ajili ya wakati huo: kunyonya na kumeza ndiko kunakozibua.

Nguo zivaliwe kwa tabaka. Alfajiri ya Julai Dodoma ni baridi na upepo, Dar ni jasho, ndani ya ndege baridi inarudi. Seti tatu za mtoto zinatosha, na blauzi ya akiba ya mama, ambayo wengi huisahau. Khanga mbili zinafanya kazi ya vitu vitano. Mbeleko inakuachia mikono kwenye foleni ya pasipoti.

Kitanda kidogo cha mtoto cha ndani ya ndege kiombwe siku ya kukata tiketi, na uulize kikomo cha uzito, maana kila shirika lina chake. Taa ya mikanda ikiwaka mtoto hutolewa humo hata akiwa usingizini.

Dawa: parasetamoli ya maji, dozi ikiwa imeandikwa kliniki kwa uzito wake. Dawa za mafua za kumlaza usimpe kabisa, ni hatari kwa mtoto mchanga.

Pasipoti yake, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri vikae mfuko wa mbele. Midoli miwili midogo inatosha.