Nilivyoifunga nyumba yangu ya mabati isiondoke na upepo wa Kano

Nimechoka kuambiwa "hiyo kitu ni nzito, haiendi mahali." Fundi aliyeitengeneza aliniambia hivyo, dereva wa lori lililoileta akasema vilevile, na shemeji yangu wa Nakuru, ambaye hajalala ndani ya mabati hata usiku mmoja, alinipigia simu makusudi kunieleza hayohayo. Mvua ya masika imepita. Mlango wangu bado unafungwa kwa kidole kimoja, na waliokuwa wakinicheka sasa huja kuinama na kuchungulia chini ya nyumba. Kwa hiyo naandika.

Nyumba yenyewe ni fremu ya chuma na mabati, mita sita kwa mbili na nusu hivi. Ilichomelewa na mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, ikapandishwa kwenye lori ikiwa nzima mpaka huku upande wa Ahero, kwenye tambarare za Kano. Sikujenga kwa mawe kwa sababu shamba ni la kukodi, na mzee mwenye shamba alisema mapema kwamba hataki kuachiwa msingi. Mkataba ukiisha, naondoka na nyumba yangu.

Sasa huo uzito. Nilihesabu vyuma, mabati, plaiwudi ya sakafu, kitanda na vyombo, nikapata kama tani moja na nusu. Ni nyingi kwa mtu anayebeba, lakini upepo haubebi, unasukuma. Upepo wa kilomita 100 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia kilo 50. Ubavu wa nyumba yangu ni kama mita za mraba 15, kwa hiyo zaidi ya kilo 700 zinausukuma kutoka upande mmoja. Wakati huohuo, upepo unaopita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na ile tani na nusu unayojivunia inapungua papo hapo. Tena si lazima nyumba ipinduke ndipo uumie. Imekaa tu juu ya nguzo. Ikiteleza kidogo, kona moja inashuka, fremu inajikunja, na hapo hata mlango wa kukimbilia nje haufunguki.

Huku upepo wa mchana kutoka ziwani si tatizo, huo unakausha nguo. Wa kuogopwa ni ule wa jioni, mawingu yakishajikusanya upande wa milima ya Nandi na kuanza kushuka.

Nilianza kwa kusoma wenzetu wa Marekani wanafanyaje, maana huko mamilioni ya watu huishi kwenye nyumba za kuhamishika na wana kanuni zake za kitaifa tangu 1976. Kimbunga Andrew kilipopiga Florida mwaka 1992, nyumba hizo zilisambaratika vibaya, na mwaka 1994 kanuni za upepo zikakazwa. Nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja: nanga ya ardhini ya kule, yaani chuma kinachozamishwa udongoni na kufungiwa nyumba, inatakiwa kuhimili pauni 3,150, yaani zaidi ya kilo 1,400, na kwenye majaribio ivumilie nusu ya hapo zaidi. Mimi sina kimbunga cha baharini, lakini angalau sasa nilikuwa na namba ya kulinganisha. Fundi niliyemwita aifunge nyumba hakuwa na namba yoyote. Alikuwa na nyundo.

Huyo fundi alikuja kiangazi, ardhi imepasuka mpaka mkono unaingia kwenye nyufa. Akapigilia vipande vya nondo ya milimita 12, vya urefu wa mita moja, kila kona, akavifunga kwenye fremu kwa waya wa kusukia nondo. Kisha akataka kunionyesha kazi. Akashika nondo kwa mikono miwili, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Haikutoka. "Umeona, madam? Hata trekta." Nikalipa.

Mvua ikaja. Udongo mweusi wa Kano ukishalewa maji unavimba na kuwa kama uji mzito, na kile kilichoushika Januari hakipo tena Aprili. Siku moja nilitoka na mwavuli mkono wa kushoto, nikaikata ile waya, nikaishika nondo kwa mkono wa kulia. Ikatoka kama muhogo. Sikuweka hata mwavuli chini. Nikaipiga picha, nikamtumia fundi. Akajibu, "Hiyo ni mvua, madam." Nikamuuliza alidhani upepo mkali huku Kano huja umeandamana na nini.

Kabla ya kufunga chochote ilibidi nguzo zikae sawa, maana kufunga nyumba iliyoinama ni kuivuta ianguke vizuri zaidi. Chini ya kila nguzo tulichimba shimo la upana wa karibu mita moja, kina cha kufika juu ya goti, tukatoa udongo mweusi wote, tukajaza maramu kidogo kidogo, kila tabaka la shibiri moja likinyunyiziwa maji na kupondwapondwa kabla ya lingine. Usimwage toroli tano kwa mpigo halafu upige juu tu. Chini inabaki sponji. Juu ya maramu tukamwaga bamba la zege lenye nondo ndani. Kimo cha nguzo nilikiamua kwa alama ya maji iliyobaki kwenye ukuta wa jirani tangu mafuriko ya 2024, nikaongeza kidogo.

Nguzo ni matofali ya saruji yenye matundu, na hapa nilikorofishana na fundi wa pili. Aliyalaza matundu yakitazama pembeni kwa sababu eti "yanakaa vizuri na panya hawaingii." Tofali hilo hubeba mzigo matundu yakiwa wima. Likilazwa, kuta zake nyembamba ndizo zinazokandamizwa upande dhaifu, na linapasuka bila kukupa taarifa. Alibisha. Nikamwambia aweke moja alivyotaka yeye na moja nilivyotaka mimi, tupige kila moja kwa nyundo ileile. Aliyapanga upya mwenyewe. Juu kabisa linakaa tofali zima lisilo na tundu, kisha kipande cha mvule, kisha kabari mbili za mvule zinazogongwa kutoka pande mbili zikikutana, mpaka fremu ikalie kabisa bila mwanya. Mabaki ya mvule nilipewa na seremala kwa bei ya soda, nikayaloweka kwenye oili chafu kwa ajili ya mchwa.

Jeki ya chupa ikikubebea nyumba, usiingie chini. Weka magogo yaliyopangwa kwa kupishana kwanza, ndipo uingize hata mkono. Na inua kona kidogo, hamia nyingine, rudi. Ukipandisha kona moja mpaka mwisho, fremu inapinda na madirisha yanaanza kulia.

Haya, nanga. Nilirudi Kibuye kwa kijana wa kuchomelea anayetengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe, nikamchorea kwenye boksi: chuma cha mviringo cha milimita 25, urefu wa mita moja na nusu, juu kina pete, chini kimechongoka, na karibu na ncha kina sahani ya chuma kinene yenye upana wa sentimita 20. Sahani inakatwa mkato mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, kisha ncha mbili za mkato zinavutwa mbali, moja juu moja chini, ndipo inachomelewa pande zote mbili. Ukiizungusha, inajikokota yenyewe kwenda chini. Bei ilikuwa elfu mbili na kitu kila moja, tukapatana ikashuka nilipochukua sita. Tulizizungusha kwa bomba lililopitishwa kwenye pete, vijana wawili wakitembea duara, mpaka pete ikabaki usawa wa nyasi.

Kuziamini ilikuwa kazi nyingine. Kwanza nilimwagia kila mahali pa nanga madumu ya maji jioni na asubuhi, maana nilishaona kiangazi kinavyodanganya. Kisha nikakodi mti wa mkaratusi mnene, wa kama mita nne na nusu, ule wa kushikilia slabu. Ncha moja nikaifunga kwa mnyororo kwenye pete ya nanga. Nusu mita kutoka hapo nikaweka egemeo, gogo juu ya mbao pana ili lisizame. Upande wa pili ukabaki na mita nne. Mita nne kwa nusu mita ni mara nane. Ukining'iniza mifuko mitatu ya saruji kule mwisho, kilo 150, nanga inavutwa kwa kilo 1,200, na bado hujahesabu uzito wa mti wenyewe.

Umati ulikuja. Mzee mwenye shamba aliketi kwenye kiti chake kabisa. Nilichora alama kwa chaki kwenye shingo ya nanga na kuvuta uzi wa cherehani kati ya vijiti viwili vilivyo mbali kidogo, ili nione kama imepanda. Tukashusha mfuko mmoja mmoja taratibu, kila mtu akiwa mbali na mti, kwa sababu nanga ikiachia, mti huo unaruka. Nanga ya kwanza ilipanda upana wa ukucha, ikatulia. Ya pili vilevile. Ile ya karibu na mtaro ilikaa kimya mfuko wa kwanza, wa pili ikaanza kuhema, wa tatu ikapanda polepole mbele ya macho ya watu, na udongo ukafumuka pembeni kama unapikwa. Mzee akasema, "Hapo ndipo ungelala ukidhani uko salama." Tuliing'oa, nikaichomelesha ndefu zaidi, tukaisogeza mbali na mtaro, tukaipima tena. Ikashika. Saruji ile ilitumika baadaye kwa bamba la jikoni, kwa hiyo upimaji ulinigharimu kodi ya mti na chai.

Mikanda ya lori niliikataa ingawa ni rahisi kukaza, jua linaila. Nilitumia waya wa chuma wa kusokota, mmoja kutoka kwenye fremu ya juu kushuka wima, mwingine kutoka fremu ya chini ukienda mshazari upande wa pili wa chini ya nyumba. Wima unazuia kunyanyuka, mshazari unazuia kuteleza. Kwenye kona za mabati niliweka kipande cha tairi chini ya waya. Vibano vyake vyenye umbo la U viwe vitatu kila mwisho, na ile U yenyewe ikae upande wa mkia wa waya. Ukiigeuza inauma waya unaobeba mzigo.

Maji ya paa yanakwenda kwenye mfereji na tangi, mbali na nguzo. Kila msimu ukibadilika napita na mpira mwangavu uliojazwa maji kukagua usawa, nagonga kabari iliyolegea na kukaza waya uliolegea. Nikiona mlango unakwaruza, najua ni kona ipi kabla ya kupima.

Yule fundi wa nondo nasikia siku hizi anauza nanga za kuzungusha upande wa Nyamasaria. Nilimwona nazo sokoni. Sahani zake ni bapa, hajazikata wala kuzivuta, amechomelea tu mfuniko kwenye chuma. Hiyo haiingii kwa kuzungushwa, itabidi achimbe shimo aifukie, na udongo uliochimbwa ukafukiwa bila kupondwa haushiki hata kuku. Ukizinunua, mwambie akukatie hiyo sahani papo hapo.