Mtoto Mrefu, Swali Fupi: Atacheza Chuo?

Lexington, Kentucky, si mji wa kuficha mtoto mrefu. Ukiingia naye dukani, mzee wa Kimarekani mwenye fulana ya bluu atawasimamisha karibu na ndizi, aulize kijana anasoma shule gani na kwenye mpira wa kikapu anacheza nafasi gani. Ukijibu kwamba hachezi, anakupa pole. Chuo Kikuu cha Kentucky kimetwaa ubingwa wa taifa wa kikapu mara 8, na kila Machi sekondari 16, moja kutoka kila kanda, hukutana Rupp Arena, ukumbi wa timu ya chuo hicho, kugombea ubingwa wa jimbo, shule kubwa na ndogo bila kutenganishwa. Wiki hiyo hata kazini hakuna mazungumzo mengine.

Kiswahili nacho kimeota mizizi hapa. Wakongo ndio wengi, Warundi wapo, na sisi Watanzania wachache tunahudhuria misiba na harusi za wote. Vijana wengi wanaocheza kikapu mtaani kwetu wamezaliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu nilikotoka mimi, kwa hiyo wazazi wao wananihesabu mtu wa nyumbani. Na kwa kuwa niliwahi kucheza UMISSETA, mashindano ya sekondari za Tanzania, kwenye viwanja vya saruji vyenye pete zisizo na nyavu, wananihesabu pia mtaalamu. Utaalamu huo sina. Nilicho nacho ni miaka ya kuwabeba vijana kwenye gari kwenda mashindano ya kiangazi, na kukaa karibu na makocha wa vyuo nikiangalia wanachokiangalia.

Swali huwa ni moja. "Ndugu yangu, wewe ulichezaka basket," baba mmoja wa Uvira aliniambia majira ya baridi. "Uangalie huyu mutoto, uniambie kweli. Atafika?" Mtoto mwenyewe ana miaka 16, urefu mita 1.98, mabega bado membamba, na watu wote pale mtaani wameshakubaliana kwamba ni Oscar wa pili.

Oscar ni Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyefika Marekani mwaka 2015, akasoma sekondari Virginia na Pennsylvania, akaanza chuo West Virginia kisha akahamia hapa Kentucky. Msimu wa 2021-22 alikuwa na wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka. Desemba 2021 alidaka 28 dhidi ya Western Kentucky. Mwisho wa msimu akatangazwa mchezaji bora wa vyuo nchini. Alikuwa akiufuata mpira uliokosa kikapu kama mtu anayefuata deni lake. Kina mama ambao hawajui sheria hata moja ya mchezo huu walikuwa wakimwombea kwa jina, na kuanzia hapo kila kijana wa Kikongo aliyepita urefu wa mlango akawa anatazamwa kwa macho mengine.

Mtaani hadithi huishia hapo. Wanaacha kipande cha pili. Mwaka 2023 NBA walipochagua wachezaji wapya, jina lake halikuitwa. Aliingia ligi kwa mkataba mdogo na Indiana Pacers, ule wa kwenda na kurudi kati ya timu kubwa na ligi ya chini. Bidii haikuwa imepungua hata kidogo. Kilichomkwamisha ni kwamba kwa NBA alikuwa mfupi kwa nafasi ya senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, na hakuwa na mtupo wa mbali wa kumhamishia nafasi nyingine.

Upande wa pili sisi Watanzania tuna Hasheem Thabeet. Mita 2.21, kijana wa Dar aliyeushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, akapita Houston, akachezea chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili NBA walipochagua wachezaji wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis, timu iliyomchagua, walishampeleka ligi ya chini, Dakota. Vijiweni tulimwita mvivu. Mimi sikubali. Mtu aliyechelewa kuanza namna ile, kisha akawa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East mara mbili, hawezi kuwa mvivu. Urefu ulimfikisha mahali ambapo miaka yake ya kucheza ilikuwa bado haijamfikisha.

Kwa hiyo baba wa Uvira nilimwambia kwamba ameniuliza maswali mawili kwa pamoja. Kijana anataka kwa kiasi gani, hilo la kwanza. Mwili wake, mikono yake na karatasi zake vinaruhusu nini, hilo la pili. Wazazi wetu wakiona moja lina jibu zuri, wanadhani na la pili limejibiwa.

Nikaanza na hamu, kwa sababu ndiyo ngumu kuipima. Kwanza nilipuuza maneno. Kijana wetu aliyelelewa vizuri ukimuuliza kama anataka kucheza chuo atajibu "ndiyo", kwa sababu mkubwa ndiye aliyeuliza. Ukimuuliza kama anataka kuwa daktari atajibu "ndiyo" vilevile. Video za simu pia nilizipuuza. Kijana huyu alikuwa na mazoea ya kuegemeza simu kwenye chupa ya maji pale bustanini na kudanki saa nzima, kutoka kila upande, na kwa kweli anapendeza. Lakini saa ile yote mkono wa kushoto haukugusa mpira. Alikuwa anarudia anachokijua, mbele ya watu watakaompigia makofi. Hiyo nayo ni hamu, sikatai. Ni hamu ya kuwa mchezaji. Kupenda mchezo wenyewe ni jambo jingine, na chuoni, saa kumi na mbili asubuhi kwenye chumba cha vyuma vya mazoezi, hakuna mpiga makofi.

Jambo la pili nililolitazama ni nani anamwamsha. Ilikuwa baba. Baba anatoka zamu ya usiku, anamgongea mlango, anampeleka mazoezini, anasinzia kwenye gari akimsubiri. Nilimwomba aache kumgongea mlango kwa mwezi mmoja, asiseme lolote, aone. Ilimuuma mno. Kwake ilikuwa kama nimemwambia aache kumlisha mtoto. Kijana akaenda siku nyingi, si zote. Kwangu hiyo ni habari njema. Anayekwenda zote bila kukosa huwa namwogopea magoti.

Dalili niliyoiandika daftarini ilikuja kwenye mechi ya kirafiki. Kocha alimpanga amzuie kijana mdogo mwepesi wa timu pinzani, kitu ambacho hajawahi kufanya kwa sababu siku zote anawekwa chini ya kikapu. Akazungushwa. Mara moja akaanguka kabisa, ukumbi ukacheka, wenzake wa benchi nao wakacheka. Sikuangalia alivyoanguka, niliangalia alivyorudi. Alirudi mbio kulinda upande wa pili, hakumtazama refa, hakushika kifundo cha mguu kutafuta kisingizio. Timu zile zilipokutana tena aliomba mwenyewe apewe kijana yuleyule. Akazungushwa tena, mara chache zaidi. Ukiniuliza ribaundi alizodaka siku hiyo sikumbuki.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu makocha wa hapa, maana wanaweza kumsoma mtoto wetu vibaya. Kocha mmoja msaidizi aliniambia kwa upole kabisa kwamba kijana "hana moto". Ushahidi wake ulikuwa mambo mawili. Akisemeshwa hamtazami mtu machoni, na Juni alikosa mazoezi kadhaa bila kueleza. La macho nilicheka. Huyu amefundishwa tangu utoto kwamba ukikemewa na mkubwa unatazama chini, na ukimkodolea macho unatafuta kofi. La Juni halikuwa la kuchekesha. Mama yake alikuwa na miadi ya hospitali, yeye ndiye anayejua Kiingereza nyumbani, na alikuwa anakaa naye kutwa nzima akitafsiri mambo ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuyasikia kuhusu mama yake. Hakusema kwa sababu aliona ni siri ya nyumba. Kocha aliposikia alinyamaza muda, kisha akabadilisha ratiba. Si makocha wote watafanya hivyo, na wengine hawatapata mtu wa kuwaeleza.

Swali la pili lilikuwa rahisi zaidi na chungu zaidi. Takwimu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi, zinaonyesha kwamba kati ya wavulana 100 wanaocheza kikapu sekondari, mmoja hivi ndiye anayefika Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya vyuo. Na mlango umezidi kuwa mwembamba. Tangu mwaka 2024 mchezaji wa chuo anaweza kuhama chuo hadi chuo bila kukaa nje msimu, ilimradi masomo yake yako sawa. Kocha mwenye nafasi 15 anachagua kati ya mtoto wa miaka 18 wa kumlea na mwanaume wa miaka 22 mwenye ndevu ambaye takwimu zake zipo. Ungekuwa wewe, na kibarua chako kinategemea ushindi wa mwaka huu, ungemchukua nani?

Kisha mita 1.98. Sekondari ni senta. Divisheni ya Kwanza urefu huo unacheza pembeni, na anayecheza pembeni lazima adunde mpira kwa mikono yote miwili, atupe pointi tatu, na azuie vijana wepesi. Ndiyo maana lile ombi la kumzuia tena yule mdogo lilinipa moyo kuliko danki zote za bustanini. Leo bado hajafika, ila anajua ni wapi hajafika.

Karatasi ndizo zinazoua wengi, na jukwaani hakuna anayezizungumzia. NCAA wanadai kozi 16 za msingi sekondari, wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4 kwa Divisheni ya Kwanza, na 10 kati ya kozi hizo ziwe zimekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, 7 zikiwa za Kiingereza, hesabu au sayansi. Ukishaingia mwaka wa mwisho, zile 10 huwezi kurudi kuzirekebisha. Sasa chukua mtoto aliyeshuka ndege akiwa na miaka 14. Madarasa ya mwanzo ya Kiingereza kwa wageni mara nyingi hayahesabiwi kuwa kozi za msingi. Anasoma kwa bidii, anapata alama nzuri, mzazi anafurahia ripoti, kumbe kwa macho ya NCAA mwaka mzima wa Kiingereza haupo. Nenda kwa mshauri wa masomo wa shule mapema, uliza kozi moja moja, usione aibu kuuliza mara mbili.

Halafu tarehe ya kuzaliwa. Wenye historia ya kambi wanajua: nusu ya ukoo umezaliwa Januari mosi. Karani aliandika alichoandika. Kentucky, aliyetimiza miaka 19 kabla ya Agosti mosi haruhusiwi kuchezea sekondari mwaka huo. Karatasi ikimwongezea mtoto umri, anapoteza msimu wa mwisho, ule ambao makocha wangemwona ameiva. Nimeona wazazi wakigundua hilo wakati jezi zimeshagawiwa.

Jambo moja linawabeba watoto hawa kuliko lilivyombeba Tshiebwe. Yeye alikuwa hapa kwa viza ya mwanafunzi, na wenzake walipoanza kulipwa kwa matangazo ya biashara yeye viza ilimbana. Timu ilipokwenda Bahamas Agosti 2022 ndipo alipopata nafasi ya kufanya kazi hizo nje ya mipaka. Mtoto wa mkimbizi hana kizuizi hicho, na anaweza pia kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Kwa hiyo akitokea mtu kwenye simu anadai dola ili "ampatie ufadhili", au anataka kumhamishia kijana kwenye shule ya jimbo jingine ambayo wewe hujaiona, kata simu. Kijana mzuri makocha humtafuta wenyewe, na kuanzia Juni 15 baada ya mwaka wa pili wa sekondari wale wa Divisheni ya Kwanza wanaruhusiwa kumpigia.

Nilimjibu baba yule mbele ya mkewe, mezani kwao, tukiwa na sambusa. Divisheni ya Kwanza, kwa leo, hapana. Chuo, ndiyo, na mpira unaweza kumsaidia kufika. Georgetown College ipo jirani kabisa, inacheza NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na ilikuwa bingwa wake mwaka 2019. Vyuo vya miaka miwili vipo kwa anayehitaji muda wa kukomaa. Na kusini, chini ya saa moja kwa gari, kuna Berea, chuo kisichotoza karo tangu 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi hapohapo chuoni. Timu yao ni ya Divisheni ya Tatu, haitoi ufadhili wa michezo, lakini usipotozwa karo hilo halikuumizi sana.

Baba alikaa kimya. Alikuwa ametaka kusikia Rupp Arena. Mama ndiye aliyeuliza kama Berea wanafundisha uuguzi. Nikamwambia ndiyo. Kijana, aliyekuwa amejifanya anaangalia simu, akauliza kocha wao huwa anapanga ulinzi wa namna gani. Tunakwenda kuona Oktoba. Kabla ya hapo ana aljebra ya kurudia kiangazi hiki, na mkono wa kushoto.