Rula ilivyoacha kunitelezea

Nashona mashuka ya viraka vya vitenge hapa Ngamiani, Tanga. Kiraka cha inchi 5 kikipungua kidogo tu, ukifika mstari wa kumi shuka limeshapinda kama mkeka uliosukwa gizani. Rula yangu ya plastiki ilikuwa inateleza kila nikifika katikati, hasa kitenge kikiwa kipya, bado kina ule mng'ao wake.

Kwanza nikadhani sikandamizi vya kutosha. Nikakandamiza mpaka kiganja kikauma, ikazidi kuhama. Kumbe mkono wangu ulikuwa umebaki mwanzoni mwa rula, na kisu cha gurudumu, kile chenye wembe wa duara unaozunguka, kinaisukuma ile ncha isiyoshikwa na kitu.

Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, si uibandike msasa?" Nilicheka, kisha nikaenda kununua karatasi moja ya namba 220. Nikakata vipande vidogo kama kucha ya dole gumba, nikavibandika kwa gundi chini ya rula: pembe nne na viwili katikati, nusu inchi ndani ya ukingo ili kisu kisiguse msasa kikapoteza makali. Vipande visiwe vinene, rula ikiinuka juu kitambaa kinasogea chini yake. Violezo vya kadibodi navyo nikavifanyia hivyohivyo.

Sasa nakata hadi usawa wa vidole, nasimamisha kisu bila kukiinua, natambaza mkono mbele, naendelea. Na kitenge kipya nakifua kwanza.