Shilingi 200 za karanga

Walukuba, Jinja, Uganda. Jumapili usiku, Januari.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu likizo ianze. Leo naliandika.

Binti yangu ana miaka 5. Katikati ya mwaka jana alikuwa hapiti penye ungo wa karanga bila kuketi. Hakuna aliyemwita. Anakunja miguu, anaminya ganda kwa vidole viwili mpaka lilie, anatoa punje, anaipuliza, anaitazama kidogo ndipo aitupe bakulini. Bakuli moja lilimchukua karibu saa nzima, na karanga nyingi zikiishia mdomoni. Nilifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyoharibu. Nilimwambia, "Kila bakuli likijaa, mama atakupa shilingi 200."

Siku za mwanzo alimenya mbio mbio. Wiki ya pili akaanza kuuliza kabla hajaketi: "Mama, leo ni ngapi?" Wiki ya tatu nilimwaga bakuli lake nikakuta maganda matupu yamejazwa chini, karanga zimetandazwa juu. Mtoto wa umri huo! Sikumgombeza, maana mimi ndiye niliyemfungulia biashara hiyo. Nilipoacha kutoa sarafu, naye akaacha karanga. Nikimwita, jibu ni moja: "Nimechoka."

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilijua. Mimi ni mwalimu wa nasari, na chuoni tulisomeshwa jaribio la mwaka 1973 la wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, lililofanywa kwenye nasari ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichagua watoto wa miaka 3 hadi 5 waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Wengine walipewa cheti hicho hicho bila kutarajia, na wengine hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa tena mezani, bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa ghafla hawakupungua. Kumbe tatizo halikuwa zawadi yenyewe. Mtoto akishajua kwamba anachora ili alipwe, kuchora kunageuka kibarua.

Niliyajibu hayo kwenye mtihani nikafaulu. Nyumbani kwangu nikayasahau.

Disemba tulikwenda kwa mama yangu, upande wa Tororo. Alikuwa anachagua mbegu za kupanda mvua za Machi. Hakumwomba mjukuu wake msaada wala hakumsifu. Alimpa kaungo kadogo kake mwenyewe, akamwonesha punje mbili: "Hii imepasuka, itaoza udongoni. Hii ngozi yake nzima, itaota. Wewe angalia." Akaendelea na kazi yake. Mtoto alikaa kimya muda mrefu, kisha akanyanyua punje moja juani. "Jaja (bibi), na hii?" Mama akavaa miwani, akaikagua kwa makini kabisa, kama anavyokagua ya mtu mzima. "Wewe unaonaje?" "Ina kashimo." "Basi unajua pa kuiweka."

Nilitamani kulia. Hapo mtoto alikuwa na uamuzi wake, alikuwa na kitu anachokiweza, na alikuwa na mtu wa kufanya naye kazi. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameandika miaka mingi juu ya mambo hayo matatu yanayomfanya mtu apende kazi kwa hiari yake, na mama yangu hajawahi kuwasikia.

Darasani nako nawaza. Tunawapanga watoto wa nasari nafasi ya kwanza hadi ya mwisho, na wazazi wanawaahidi baiskeli. Muhula ukifunguliwa Februari nitazungumza na wenzangu, ingawa najua wazazi wataulizia nafasi.

Jana binti yangu alichukua ungo mwenyewe. Nilijizuia kumsifu, nikakaa kando yake nikamenya zangu. Ila kaka yake wa miaka 9, aliyeziona sarafu zile zote, ameniuliza leo asubuhi kuosha vyombo ni shilingi ngapi. Kwake bado natafuta pa kuanzia. Nafikiri nitampa tuta moja la sukuma nyuma ya nyumba, apande anavyotaka yeye.