Gari Lililopiga Magoti Bila Kuambiwa

Mwenzenu nilikaribia kununua Land Rover Discovery. Nilikaribia kiasi cha kumwambia mtoto wangu wa mwisho kwamba safari hii tutaenda Mombasa kama watu.

Kwa asiyenijua, mimi nafua mashuka. Nina mashine tatu na wasichana wanne pale Maweni, Malindi, na kila asubuhi naingia kwenye Probox yangu nyeupe nikazunguka majumba ya Casuarina kukusanya mashuka na taulo. Watamu naenda mara tatu kwa wiki. Kazi yenyewe ni ya msimu. Desemba mpaka Machi Wataliano wakijaa, silali. Masika yakiingia, hoteli nyingi hufunga, na mashine moja naifunika kanga mpaka Julai.

Mwisho wa msimu ndio wakati magari yanapouzwa. Mzee wa watu anarudi kwao, jumba limepata mteja, gari linabaki chini ya mwarobaini na dalali mwenye simu mbili. Hili nililiona nikienda kuchukua taulo. Discovery 3 ya mwaka 2008, kijani iliyokolea, viti 7 vya ngozi, injini ya dizeli ya lita 2.7 yenye silinda 6. Muundo huo ulitoka mwaka 2004 na kufikia 2009 ukapisha Discovery 4, kwa hiyo hili ni la mwishomwisho. Bei aliyotaja dalali ni 1,350,000. Nikahesabu kimoyomoyo: ukiongeza kidogo tu juu ya bei ya Probox safi, unakaa kwenye ngozi. Hapo akili ikaanza kuhama nyumba.

Sikwenda kulijaribu peke yangu. Nilimchukua mama, maana kila siku ananiambia Probox inamvunja nyonga, na nikamchukua Fundi. Fundi ananitengenezea gari mwaka wa tisa huu. Hasemi sana. Akinyamaza kabisa ndipo ujue kuna shida.

Dalali alikuwa ameliosha likang'aa, na matairi ameyapaka mafuta. "Shikamoo bi mkubwa." "Marahaba mwanangu." Akafungua mlango, akabonyeza kitufe karibu na gia, na gari zima likashuka taratibu, kama sentimita tano hivi, likisema *fsss*. Mama akashika mtandio wake. "Subhanallah! Linapiga magoti kama ngamia!" Akapanda bila kushikwa mkono, mara ya kwanza tangu aumwe. Nikawa nimeshanunua, ilibaki pesa tu.

Jamani, kuendesha gari lile! Uzito wake ni tani mbili na nusu, lakini matuta ya barabara ya Lamu yalipita chini yetu kama mikunjo ya shuka. Unakaa juu, boneti imelala mbele kama meza, na tuktuk zinaonekana huko chini kama watoto wa chekechea wamepanga foleni. Kiyoyozi kiligandisha vidole. Katikati kuna swichi ya kuzungusha yenye picha: mchanga, matope, mawe, na moja ya nyasi na theluji. Theluji, Malindi! Mama akataka niiweke hapo tuone kama kutapoa zaidi.

Tulivuka daraja la Sabaki, mto ukiwa rangi ya chai ya maziwa kama kawaida yake, tukashika barabara ya vumbi ya kuelekea Marafa. Hapo Fundi aliyekuwa kimya kiti cha nyuma akasema neno la kwanza. "Zima redio. Zima na hicho kiyoyozi. Fungua vioo."

Tukasikia. Upande wa mbele, kila shimo dogo, *to-to-to*, kama mtu anabisha mlango kwa adabu. "Bushi za mikono ya chini," Fundi akasema, yaani ile mipira ya vyuma vinavyoshika magurudumu. Dalali akacheka: "Hizo bushi ni kitu kidogo, mama." Tukasimama. Fundi akaniambia nivute breki ya mkono. Kwenye gari hili hakuna mkono wa kuvuta, ni swichi, na mota ndiyo inayokaza. Nilipoinyanyua ikatoa mlio wa mbuzi anayeburutwa kwenda machinjioni. Mama akaniangalia. Dalali hakucheka.

Kisha Fundi akainama kati ya viti viwili, akatazama dashibodi, akauliza gari limetembea kiasi gani.

"Laki moja na elfu kumi na nane tu," dalali akajibu. "Gari la mzee, la kwenda ufukweni na kurudi."

"Laki moja na elfu kumi na nane nini?"

Kimya. Gari lilitoka Uingereza, na huko wanahesabu maili. Maili 118,000 ni kilomita 190,000. Tangu asubuhi niliiona namba ile nikaifurahia, wala sikuangalia herufi ndogo pembeni yake. Sisemi dalali alidanganya. Alinyamaza mahali palipomfaa.

Tuliporudi chini ya mwarobaini, jua likiwa linazama, Fundi alifanya kitu nilichodhani ni mzaha. Akaweka gari kwenye kimo chake cha kawaida, akalizima, akachuchumaa gurudumu la mbele kushoto, akatanua mkono wake kati ya tairi na ukingo wa bodi. Shubiri moja kasoro kidole. Akazunguka magurudumu yote manne hivyo hivyo, mkono ule ule. Halafu akamwomba dalali neno moja: gari lisiguswe mpaka asubuhi, tutakuja mapema.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa getini. Askari bado anasukutua. Sikuhitaji mkono wa Fundi, niliona kutoka barabarani. Pua ya gari imeinama upande wa kushoto kama ng'ombe anayenusa majani. Fundi alipima kwa heshima ya kazi tu. Vidole vitatu. Mama, ambaye hakuna aliyemwita ila alishaingia kwenye Probox kabla yangu, akasema, "Jana liliambiwa lipige magoti. Leo limepiga lenyewe."

Basi niwaeleze nilivyoelezwa. Gari hili halina springi za chuma, limebebwa na mifuko ya mpira iliyojaa hewa, mmoja kila gurudumu. Mpira unazeeka, unapasuka nyufa ndogondogo kwenye mikunjo. Hewa ikivuja, kompresa inayojaza mifuko hiyo haipumziki. Imefungwa chini ya gari, mahali pa vumbi na maji, na ikifanya kazi ya mchana na usiku inaungua. Kwa hiyo hununui mfuko. Unanunua mfuko na kompresa. Na gari lililolala miaka karibu na bahari chini yake kuna kutu, tuliiona. Bolti nyingine Fundi alisema hazitafunguka bali zitakatwa.

Halafu mikanda. Injini hii ina mikanda miwili ya mpira: mmoja mbele, wa kuendesha valvu, mwingine nyuma, wa pampu ya dizeli. Ule wa mbele ukikatika njiani, injini inajila yenyewe. Mikanda ina umri, haihesabu kilomita peke yake. Nilipouliza lini ilibadilishwa nikaonyeshwa faili lenye risiti nyingi za Kitaliano: za bustani, za bwawa la kuogelea, za paka. Ya mikanda haikuwamo.

Tulikaa kibarazani kwangu, mahamri na mbaazi katikati, Fundi akaandika nyuma ya karatasi ya hesabu ya mashuka. Mifuko miwili ya mbele, mipya lakini si ya kiwanda mama, 90,000. Kompresa 60,000. Mikanda yote na pampu ya maji pamoja na ufundi 70,000. Mikono ya chini miwili 40,000. Matairi manne ya inchi 18, maana yale yaliyopakwa mafuta yalikuwa vipara kwa ndani, 100,000. Ile breki ya mbuzi hakuiandikia bei. Aliichorea mkia. Na hana mashine inayozungumza na kompyuta ya gari hilo, kila taa ikiwaka ni Mombasa, kilomita 120 kwenda tu.

Jumla 360,000 bila ya mbuzi.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho bei ya 1,350,000 ilikuwa imenificha. Gari limeshuka bei, lakini spea zake hazikupata habari. Kompresa bado inajiona imo kwenye gari la tajiri. Ukinunua gari kuukuu la kifahari unalipa bei ya leo getini, halafu unaendelea kulipa bei ya mwaka 2008 gereji.

Mafuta nayo. Mimi hutembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi. Probox hunipa kilomita 15 kwa lita, yaani lita 80. Discovery, kwa njia zetu, Fundi alinipa 8, na alikuwa mkarimu. Hizo ni lita 150. Tangi lenyewe ni lita 82, kulijaza kwa shilingi 170 kila lita, tuliyopigia hesabu siku ile, ni karibu 14,000. Tofauti ya karibu 12,000 kila mwezi naiweza Januari. Mei, mashuka yakiwa hayaji, naitoa wapi?

Nikampigia wakala wangu wa bima nikijua jibu. "La mwaka gani? 2008? Hilo ni la third party tu, bima kubwa hawatakupa." Maana yake likiungua, nimeungua nalo. Na nikakumbuka ule Mswada wa Fedha wa 2024 uliotaka tulipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Uliondolewa, alhamdulillahi, lakini kwa gari hili ungekuwa 33,750. Mambo yaliyoondolewa nchi hii yana tabia ya kurudi yamebadilisha koti.

Lakini msidhani niliamka mwenye busara. Nilirudi nikatoa ofa. Nilisema 900,000, pesa mkononi. Dalali akaweka simu zote mbili mezani. "Mama, mia tisa si pesa ya gari hili. Pesa zako zingine unataka kupeleka wapi?"

"Kwenye gari hili hili," nikamwambia.

Hakukubali. Akanipigia baada ya siku nne akishusha hadi milioni moja na laki mbili, na wiki iliyofuata milioni moja na elfu themanini, na kila akipiga mama anauliza ni nani huku akijua. Amenunuliwa mto wa kukalia kwenye Probox. Anasema bora mto, hauna kompresa.

Jana nilipita Casuarina kuchukua taulo. Bado liko chini ya mwarobaini, limeoshwa tena. Sikushuka. Nilipunguza mwendo tu nikatazama gurudumu la mbele kushoto.

Vidole viwili.