Taka zisizo na mnunuzi, Mabatini

Chupa ya maji ikitupwa barabarani huku kwetu Mabatini, jijini Mwanza, haimalizi siku. Atapita kijana na salfeti lake begani, ataikanyaga, ataitia humo, aende kuiuza kwa kilo. Makopo na vyuma chakavu ni hivyo hivyo. Hawa vijana nawaheshimu sana, maana bila wao Mto Mirongo ungeshaziba zamani.

Kinachobaki ni kile ambacho hakuna anayekinunua: vifuko laini vya karanga na ubuyu, pampasi, vifuniko, maganda ya miwa yaliyochanganyika na plastiki. Hizo ndizo tunazookota sisi majirani wachache, asubuhi ya Jumamosi. Hatusubiri ile Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi, maana mvua nayo haisubiri.

Anayeijua Mwanza anajua nyumba zetu zimepanda mawe. Ikinyesha ya vuli hata nusu saa tu, maji hayapati udongo wa kuingia. Yanateremka juu ya mwamba na kufika barabarani yakiwa yamebeba kila kilichokuwa njiani. Barabara inamwaga mtaroni, mtaro unamwaga Mirongo, Mirongo unaishia ziwani. Na Ziwa Victoria mto linalotoa ni mmoja tu, Nile, kule Jinja nchini Uganda. Maji yetu ya bomba nayo yanavutwa ziwani humohumo, pale Capripoint. Ndiyo maana nikikiona kifuko kando ya lami siwezi kukipita.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, tarehe 1 Juni 2019, mitaro ilipumua, tuliona wenyewe. Lakini vile vifuko vyembamba vya kufungashia vikabaki sokoni, na watu wakaanza kubebea humo nyanya na dagaa. Kwa maoni yangu hivi ni vibaya kuliko rambo la zamani. Rambo mtu alilikunja akalitumia tena. Hiki nyanya zikishatoka hakina kazi, na upepo wa ziwani unakirusha hadi kwenye michongoma.

Kuna mama anauza vitumbua karibu na daraja. Alituangalia wiki kadhaa, siku moja akaniita.

"Mwanangu, leo mnaokota, kesho wanatupa. Si mnajichosha?"

"Mayu, wanaotupa hatuwawezi. Tunawahi mvua tu."

Hakunijibu. Jumamosi iliyofuata akaomba kiroba kimoja, akakifunga kwenye mguu wa meza yake. Wateja wake wengi sasa wanatia humo. Wapo ambao bado wanatupa chini, naye huwaita kwa sauti ambayo hakuna bodaboda asiyeisikia.

Jambo linaloniuma ni lile la kuzibua mtaro halafu kuacha tope na taka pembeni. Nimeliona mara nyingi, mitaa mingi. Watu wanatoa jasho, lundo linarundikwa ukingoni, jioni mawingu yanakuja na lundo lote linarudi mtaroni. Kazi hiyo ni bora isingeanza. Sisi tumekubaliana: kama pesa ya guta la kuondolea lundo haijapatikana, hatushiki koleo, tunaokota za juu tu. Tukichanga ikatimia, tunaingia mtaroni, na tunaanza na mdomo wa kalavati, kwa sababu pakiziba hapo maji yote yanapanda barabarani na kuingia kwa watu. Kuchoma tumekataa kabisa. Moshi wa pampasi unaingia vyumbani mwa watoto wetu.

Ukitaka kuungana nasi, tunakutana darajani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla daladala hazijawa nyingi. Toroli na reki zipo. Njoo na glovu za mpira mzito na viatu vilivyofunika vidole, kwani vigae vya chupa havikosekani, na mara nyingine sindano. Sindano usiiguse, ita mwenye koleo. Na utembee upande wa kulia wa barabara, ili magari ya upande wako yakujie usoni.