Kupanda Mlima wa Ipogolo kwa Kipimo cha Salamu

Nilipotimiza miaka 46 nilipimwa presha kwa siku tatu tofauti, na kila mara ilizidi 140 kwa 90. Daktari alinianzishia dawa, akanitaka pia nifanye mazoezi ya dakika zisizopungua 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watu wazima, na akasisitiza nianze polepole. Hilo la mwisho nililipuuza, kwa kuwa shuleni nilikuwa winga na nilidhani miguu haisahau.

Ninaishi Ipogolo, bondeni kando ya Ruaha Mdogo, na ofisi yangu iko Iringa mjini, juu ya mlima. Kwa siku tatu mfululizo nilipanda kwa mbio alfajiri na kuteremka kwa mbio. Siku ya nne goti la kulia lilivimba, na kwa wiki mbili nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume, nikiwa nimeshika ukuta, huku vijana wa masjala wakijifanya hawanioni.

Mtaalamu wa viungo alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mlima huchosha mapafu wakati wa kupanda, lakini magoti huumizwa zaidi na mteremko, kwa sababu kila hatua hulazimika kuuzuia uzito wa mwili unaoporomoka. Goti lilipopona, nikabadili utaratibu. Siku tano kwa wiki napanda kwa miguu, bila kukimbia, nikiwa upande wa kulia wa barabara ili magari yanayonikaribia niyaone, na jioni narudi kwa daladala. Siku mbili nafanya mazoezi ya nguvu nyumbani: kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika kitu, na kusukuma ukuta. Asubuhi za Julai, baridi inapouma, naanza mwendo wa taratibu kwenye tambarare kwa dakika kumi kabla ya kuukabili mlima.

Mwendo wenyewe naupima kwa salamu. Katikati ya mlima kuna mama mtu mzima anayeuza vitumbua, naye hapokei salamu ya mkato.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene! Umeamkaje? Watoto? Na mkwe wangu?"

Nikiweza kujibu yote kwa sentensi nzima huku naendelea kutembea, kasi inanifaa, nikijikuta namjibu "wa... zima", napunguza mwendo. Maumivu ya kifua au kizunguzungu si jambo la kupunguza mwendo, ni la kusimama na kutafuta msaada mara moja, na namshukuru Mungu halijanipata.

Mwezi uliopita presha ilisoma 132 kwa 84, nami bado ninameza dawa kama nilivyoagizwa. Yule mama sasa ameongeza maswali: juzi aliuliza pia habari za mahindi yangu, nikamjibu yote, hadi habari za mbolea, nikiwa nimeshampita hatua ishirini.